Sulisuli wa Malindi: Habari za Uvuvi wa Mchezo

Wasikilizaji wetu, mgeni atokaye bara akifika Malindi au Watamu katika mwezi wa Desemba, akasimama pwani wakati wa alasiri, ataona jambo la kustaajabisha. Mashua za injini zinarudi kutoka bahari kuu, na juu yake zinapepea bendera ndogo ndogo, kila bendera kwa samaki mmoja mkubwa. Lakini akichungulia ndani ya mashua hamwoni samaki yule. Amekwisha kurudishwa majini, naye yu hai. Na yule aliyelipa fedha nyingi ili akamvue anateremka mikono mitupu, uso umejaa furaha kuliko mchuuzi aliyepata nguru kumi. Wazee wa zamani wa pwani hii wangalimdhania ana wazimu. Nasi twasema si wazimu, bali ni desturi yenye historia yake, nayo historia hiyo ndiyo tutakayoieleza leo.

Yafaa kwanza tupatane katika majina, maana wavuvi wenyewe hawapatani. Samaki mmoja huitwa sulisuli Lamu na nduaro mahali pengine, au kinyume chake. Sisi hapa tutamwita sulisuli yule mwenye pezi kubwa mgongoni mfano wa tanga, mwembamba, ambaye uzito wake kwetu ni aghalabu ratli 50 au 60. Wale jamaa zake wanene, wenye pezi fupi, tutawaita nduaro. Nao ni watatu: mweusi, wa buluu, na wa milia. Nduaro wa milia ni mdogo kuliko wenzake. Mweusi na wa buluu waweza kupita ratli 1,000, na wakubwa hao ni majike. Kisha yuko samaki wa upanga bapa, ambaye mchana hukaa kilindini na usiku hupanda juu kutafuta ngisi. Wote hawa hupatikana katika bahari ya Kenya, na mahali pa namna hiyo si pengi duniani.

Kuna neno moja la kusahihisha hapa. Vitabu vingi vimeandika kwamba sulisuli hupiga mbio maili 68 kwa saa, kupita samaki wote. Vipimo vilivyofanywa katika miaka ya karibuni havikubali hesabu hiyo; vimeonyesha mwendo usiofika hata nusu yake. Lakini mtu aliyewahi kuushika uzi wakati sulisuli anapouvuta hatashangaa kwamba waliomtangulia walitia chumvi.

Kabla mchezo huu haujafika, watu wa pwani walikuwa wakiwajua samaki hawa tangu zamani. Mvuvi wa ngalawa alikuwa na mshipi wa kurambaza, yaani ule unaoburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda kwa tanga, wenye ndoana na chambo cha samaki mdogo au kipande cha ngozi nyeupe. Kwa mshipi huo alipata nguru, jodari, sehewa na kolekole, na mara moja moja sulisuli, ambaye huenda alimkata mkono kwa uzi kabla hajakubali kushindwa. Ustadi wa watu hawa ulikuwa wa namna nyingi. Mwaka 1884 balozi mmoja wa Kiingereza wa Unguja, jina lake Frederic Holmwood, aliwaandikia wataalamu wa London habari za wavuvi wa pwani hii waliomfunga chaza uzi katika mkia, wakamwachilia majini ili ajigandamize juu ya kasa, kisha wakavuta uzi wakampata kasa pamoja na chaza wao. Wataalamu wale walistaajabu; wavuvi walikuwa wakifanya kazi yao ya kila siku.

Na juu ya ustadi wa mkono palikuwa na ujuzi wa majira. Mabaharia wetu hawakuhesabu safari zao kwa miezi ya Kiislamu, kwa kuwa miezi hiyo huzunguka katika majira yote. Walihesabu kwa mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, wakaugawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Kwa hesabu hiyo mzee aliweza kusema kusi itaanza kukaza katika mwongo gani, na maji yatatulia lini. Twalitaja jambo hili kwa kusudi, kwa maana uvuvi wa mchezo, pamoja na injini zake na vyombo vyake vyote vya thamani, umesimama juu ya ujuzi huo huo.

Tazama basi hali ya bahari yenyewe. Kando ya pwani yetu mkondo wa maji hwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo huusukuma mkondo huo kwa nguvu; bahari huchafuka, na katika miezi ya Mei, Juni na Julai mashua nyingi za mchezo hupandishwa pwani zikapakwa rangi. Mwezi wa Agosti huanza kuleta nafuu, na hapo aghalabu jodari wa mapezi ya manjano huja kwa makundi, wala si ajabu kumwona nduaro mweusi akiwafuata. Kisha upepo hugeuka. Kaskazi inapoingia, mkondo wa upande wa Somalia nao hugeuka, ukashuka kusini, ukakutana na mkondo wetu upande wa kaskazini mwa Kenya. Na yote miwili huelekea mashariki katika bahari kuu. Pale yanapokutana maji, na juu ya miinuko ya chini ya bahari iliyoko mbele ya Malindi na Lamu, maji ya kilindini hupanda juu pamoja na chakula, dagaa wakafuata chakula, na samaki wakubwa wakafuata dagaa.

Malindi ina neema nyingine pia, nayo ni mto Sabaki. Mto huu huanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, hupita Tsavo ukiitwa Galana, na humwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya mji. Wakati wa mvua hushuka mwekundu kama udongo wa bara. Wenye kupenda kuoga katika bahari safi hulalamika, lakini nahodha wa mashua ya kuvulia hufurahi. Huutafuta ukingo ambapo maji mekundu yanapakana na maji ya samawati, kwa kuwa samaki wadogo hujificha katika ukungu ule, na sulisuli huzunguka nje yake kama paka mlangoni pa jiko. Miezi ya Novemba na Desemba ndiyo yao hasa. Januari mpaka Machi ni zamu ya nduaro, wakati bahari ina joto na maji ni kama kioo.

Upande wa kusini, Shimoni, sababu ni nyingine. Mkondo wa bahari kati ya Pemba na bara si kama ule wa Unguja, ambao ni maji mafupi. Huu wa Pemba kina chake hupita pima 400, na maji yote yanayokwenda kaskazini hubanwa katika njia hiyo. Kwa hiyo mtu aweza kutoka Shimoni au Wasini na katika muda mfupi akawa juu ya kilindi ambacho mahali pengine ingempasa kusafiri siku nzima kukifikia.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa huku. Ulizaliwa Marekani, katika kisiwa cha Santa Catalina karibu na pwani ya California. Mwezi wa Juni mwaka 1898 bwana mmoja, Charles Frederick Holder, alimvua huko jodari wa ratli 183 kwa ufito na uzi mwembamba, na mwaka ule ule akaanzisha pamoja na wenzake chama cha wavuvi wa jodari. Nia yao inafaa ikumbukwe, kwa sababu wengi wameisahau. Holder alikuwa amechukizwa kuona wageni wa kisiwa wakivuta samaki kwa mishipi minene ya mkono, wengi kupita haja yao, na mwisho wakiwatupa waoze. Alitaka iwe shida kumpata samaki. Uzi mwembamba ulikuwa ndio sheria yake ya kuzuia ulafi.

Shida hiyo ilikuwa ya kweli. Kigurudumu cha kukunjia uzi cha siku zile hakikuwa na breki ya kuaminika. Samaki akikimbia, mkono wa kuzungushia ulizunguka kwa kasi ukavunja vidole. Mwaka 1913 William Boschen, naye wa Catalina, alimpata samaki wa upanga bapa wa ratli 355 kwa kutumia kigurudumu kilichotiwa breki ya ndani, kilichotengenezwa kwa mashauri yake. Tangu siku hiyo hapakuwa na samaki aliyekuwa salama kwa sababu ya ukubwa wake tu. Matajiri wa Marekani na Uingereza walianza kuzunguka bahari zote za joto kutafuta wakubwa zaidi. Zane Grey, mtungaji wa hadithi, alivua New Zealand, kisha Tahiti, na huko mwaka 1930 akapata nduaro wa ratli 1,040, ijapokuwa papa walikuwa wamekwisha kumla sehemu ya nyama.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Malindi ilikuwa mji mdogo uliolala. Walowezi wa bara walikuwa wameanza kushuka kwa likizo, na hoteli za kwanza zilikuwa zimefunguliwa ufukoni. Mwanzoni mwa mwaka 1934 alifika Ernest Hemingway, akiwa pamoja na mwindaji Philip Percival na kijana tajiri Alfred Vanderbilt. Walikuwa wamemaliza kuwinda bara, ambako Hemingway aliugua tumbo la kuhara damu hata akachukuliwa kwa ndege mpaka Nairobi. Alikuwa amekwisha kuvua sana huko Cuba na Florida, naye alitaka kuijua Bahari ya Hindi. Watu hupenda kusema kwamba yeye ndiye aliyeifungua bahari ya Malindi. Sisi hatusemi hivyo. Bahari ilikuwa wazi tangu zamani, na waliojua mahali pa samaki walikuwa mabaharia wa pale. Alichokileta Hemingway ni sifa, na sifa ina thamani yake kwa wenye hoteli.

Alirudi mwaka 1954, akaenda Shimoni, lakini katika hali ya kusikitisha. Mwezi wa Januari alikuwa ameanguka kwa ndege mara mbili katika siku mbili, huko Uganda, karibu na maporomoko ya Murchison na kisha Butiaba, akaumia kichwa, uti wa mgongo na viungo vya ndani. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba amekufa. Alifika kambini kwa kuvua naye hawezi kuvua. Tena moto wa nyasi ukazuka karibu na kambi, akaingia kusaidia kuuzima, akaungua. Mwaka ule ule alipewa tuzo ya Nobel.

Kipindi kilichofuata twaweza kukiita enzi ya mizani. Mwaka 1939 kilikuwa kimeundwa New York chama cha mataifa cha kuandika rekodi za samaki na kuweka kanuni za mchezo. Kanuni zilikuwa kali: mtu mmoja tu aguse ufito tangu samaki anaposhika ndoana mpaka mwisho, na samaki aliyeliwa na papa asihesabiwe. Lakini ili samaki apimwe hana budi kufa. Basi katika kila bandari ya mchezo, Malindi, Shimoni, Mafia na kwingineko, palisimamishwa mti wenye kapi na mzani, na samaki alining'inizwa kichwa chini, mtu na mkewe wakasimama kando yake kwa picha. Tarehe 4 Agosti 1953, huko Cabo Blanco nchini Peru, Alfred Glassell alimpata nduaro mweusi wa ratli 1,560. Rekodi hiyo haijavunjwa hata leo.

Tusiwahukumu watu wa enzi ile kwa haraka. Samaki aliyeletwa pwani alikuwa na kazi. Baada ya picha alikatwa, nyama ikagawiwa mabaharia au ikapelekwa sokoni, na sulisuli aliyekaushwa kwa moshi akawa chakula cha sifa katika hoteli za pwani. Baharia aliyemfungia mgeni chambo tangu alfajiri alikuwa na ujira wake, na juu ya ujira ana kitoweo. Jambo hili lina uzito katika habari itakayofuata.

Ikawaje basi hata mzani ukaachwa? Si kwamba watu walipata huruma ghafula. Waliokuwa wakiandika hesabu walianza kuogopa hesabu zao wenyewe. Tena hapakuwa na mtu aliyejua sulisuli wa Malindi hwenda wapi kusi inapoanza. Kwa hiyo tangu mwaka 1987 wavuvi wa mchezo wa Kenya wameshika kazi ya kuwatia samaki vijialama vyenye nambari na kuwaachilia, na hesabu yake hutunzwa Watamu. Nahodha huandika siku, mahali, aina ya samaki na ukubwa anaoukadiria. Kisha samaki hwenda zake. Akipatikana tena, popote baharini, habari mbili zikilinganishwa huonyesha amesafiri umbali gani na kwa muda gani.

Kuachilia nako kuna ustadi wake. Ndoana ya kawaida humezwa ikachana matumbo, na samaki wa namna hiyo aweza kuondoka akiogelea akafa baada ya saa chache. Ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imeinamia ndani, hushika pembe ya mdomo mara nyingi zaidi. Samaki aliyechoka hushikwa upanga kando ya mashua inayokwenda polepole, ili maji yapite katika matamvua yake mpaka nguvu zimrudie. Kumwinua nje ya maji kwa ajili ya picha ni kumwongezea taabu asiyostahili. Twafahamu kwamba wageni wengi wangali wanaipenda picha hiyo.

Je, kuachilia huku kumewaokoa samaki? Hapa yatupasa kusema kweli bila kupamba. Mashua za mchezo ni chache, na hata zingewaua samaki wote wanaozishika, wangekuwa kidogo tu katika hesabu ya Bahari ya Hindi. Wanaovua kwa wingi ni meli kubwa zenye mishipi mirefu ya ndoana maelfu, na zaidi ya hizo, kwa upande wa sulisuli na nduaro mweusi, vyombo vingi vya majarife vya nchi za kaskazini mwa bahari hii, kama Iran, Pakistan, India na Sri Lanka. Shirika la mataifa linalosimamia jodari wa Bahari ya Hindi, ambalo makao yake yako Ushelisheli, limekuta kwa miaka mingi kwamba nduaro wa milia amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2018 lilikata kauli kuweka mipaka kwa nchi zote pamoja: tani 3,260 kwa mwaka za nduaro wa milia, tani 9,932 za mweusi, tani 11,930 za buluu, na tani 25,000 za sulisuli. Msikilizaji na alinganishe tani hizo na sulisuli mmoja wa ratli 60 anayebembelezwa kando ya mashua huko Watamu.

Tena bahari yenyewe hubadilika. Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998 maji ya upande wetu yalipata joto lisilo la kawaida. Mvua zilinyesha hata Sabaki ukafurika, na matumbawe ya Malindi na Watamu, yaliyohifadhiwa tangu mwaka 1968, yalipauka na mengi yakafa. Katika bahari kuu tabaka la maji ya joto lilizidi unene, jodari wakashuka chini, na meli za nyavu za kuzungushia ziliondoka magharibi zikaenda kuwatafuta mashariki. Mwaka 2019 mvua kubwa na joto la upande huu vilirudi. Nahodha wa leo ana picha za joto la maji zinazopigwa na setilaiti, huziangalia kabla ya kung'oa nanga. Lakini mzee wa ngalawa aliyesema zamani kwamba mwaka wa mafuriko ni mwaka wa kuvua kwa namna nyingine hakuwa amekosea.

Neno gumu kuliko yote limebaki pwani penyewe. Mvuvi wa Kipini au wa Watamu hana sababu ya kumrudisha sulisuli majini. Kwake samaki huyo ni ada ya shule na unga wa juma zima. Wataalamu waliochunguza jambo hili Kenya wameona kwamba pana hatari ya ugomvi: mwenye mashua ya mchezo humwona mwenye jarife kuwa mharibifu, na mwenye jarife humwona mwenziwe kuwa mtu achezeaye chakula cha watu. Kila mmoja ana hoja. Sisi twaona hoja ya mwenye jarife ina nguvu zaidi kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida hotelini, kwa sababu yeye alikuwapo kwanza, na sehemu ya maji yake ya kuvulia ilikwisha kufungwa kwa ajili ya hifadhi. Lakini fedha za mchezo pia hulipa mabaharia, mafundi wa injini, wauza chambo na wapishi, nao ni watoto wa vijiji vile vile.

Jambo moja pande zote mbili zaweza kulifanya bila kugombana, nalo halina gharama. Mvuvi yeyote, wa ngalawa, wa jarife au wa mashua, anayempata sulisuli au nduaro mwenye kijialama, na akikate akitunze. Aandike nambari, siku na mahali. Apime samaki kutoka ncha ya taya la chini mpaka panda ya mkia, wala si kutoka ncha ya upanga, maana upanga huvunjika. Habari hizo azifikishe kwa afisa wa uvuvi wa karibu. Kijialama ni kama uzi mnene wa plastiki, nacho hukaa ubavuni chini ya pezi la mgongo. Aghalabu kimeota ukoga wa kijani; kikisuguliwa kwa kidole nambari yake huonekana.